Waliokuja Kumzika Silvana

Na Mungu, Silvana alikuwa ameshamalizana. Waliobaki walikuwa watu, na watu hawamaliziki upesi: ukimnyamazisha huyu jikoni, yule anaanzia mlangoni. Ndiyo maana mwezi ule wa Machi, katikati ya Kwaresima, mama huyu wa Izia, pembezoni mwa Sumbawanga, mgonjwa wa kansa ambayo madaktari walishaikunjia mikono, alikuwa na amani tele moyoni na vita kali nyumbani kwake.

Tuanze na hiyo amani, maana ndiyo iliyoleta vita.

Kansa yake ilikuwa ya mlango wa kizazi. Ilianza kama mambo hayo yanavyoanza kwa wanawake wetu, kwa kunyamaziwa. Aliona damu isiyo na sababu akadhani ni umri, akaiona tena akadhani ni uchovu wa shamba, na alipofika hospitali Dar es Salaam ugonjwa ulikuwa umeshapanga chumba na kukaribisha ndugu zake. Akachomwa mionzi, akapewa dawa, akarudishwa nyumbani, akaitwa tena. Mwisho daktari mmoja, dada mpole mwenye sauti ya chini, akamweleza bila kuzunguka kwamba matibabu yamefika ukingoni, na kwamba kuanzia hapo kazi yao ni kumsaidia asiumie. Akampa chupa ya mofini ya maji na kumweleza namna ya kupata nyingine huko mkoani. Silvana alimshukuru daktari yule kutoka moyoni, kwa sababu Zenon, mumewe, alikuwa ameketi palepale kwenye kiti cha pili, na bado daktari alimwambia yeye, akimtazama yeye machoni.

Aliporudi Sumbawanga hakula. Chakula alikitazama tu kikapoa. Halafu asubuhi moja akatoka nyuma ya nyumba, pale ambapo nyumba za Izia zinaisha na majani yanaanza, akasimama katikati ya shamba lake akagombana na Mungu. Hakunong'ona. Alimwuliza kwa nini yeye, aliyefunga Kwaresima zote tangu Komunyo ya kwanza, aliyefagia kanisa tangu akiwa msichana, ilhali fulani na fulani wapo wanatembea na afya zao. Hao fulani aliwataja kwa majina, na baadhi yao walikuwa majirani, na walisikia. Alisema mpaka sauti ikakauka. Mungu hakujibu neno. Silvana akarudi ndani, akapakua ugali wa ulezi na maharage, akala, akaongeza mboga, akaendelea kula.

Katika nyumba aliyokulia, mtu aliyenuna hali. Ukimwona anakula, ujue ugomvi umekwisha, hata kama hajasema. Kwa hiyo alipojikuta anafuta sahani kwa tonge la mwisho, alisita. Akajichunguza moyoni, huku na huku, akatafuta kinyongo asikione.

"Nimeyamaliza," alimwambia Zenon.

"Na nani?"

"Na Mungu. Sababu hajanipa, lakini nimemsamehe."

Zenon alikuwa fundi baiskeli pale Mazwi, mtu wa kutafakari neno kabla ya kulijibu, na mara nyingi tafakari hiyo ilimfikisha moja kwa moja usingizini. Siku hiyo alitafakari akiwa macho, akasema, "Vizuri." Silvana aliona jibu hilo linatosha.

Baada ya hapo ndipo alipotaka mafuta.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo mapadri wetu wamelihubiri mpaka wamechoka. Mpako wa wagonjwa ni sakramenti ya kumtia mgonjwa nguvu. Wamesema, wamefundisha, wametuchapishia na vitabu. Lakini sisi wazee wa Ufipa tulipokea dini enzi ambazo padri alikuja kijijini kwa nadra, na alipomjia mgonjwa na mafuta, kilichofuata kilikuwa jeneza. Basi tukajifunza. Mpaka leo ukimwambia mtu, "Fulani amepakwa mafuta," hakuulizi anaendeleaje. Anakuuliza mazishi ni lini.

Silvana alilijua hilo kuliko wengi, maana alimwona mama yake mzazi. Mama Cornelia alipakwa mafuta kule kijijini, na tangu saa ile hakuna mtu aliyesema naye tena. Walisema juu yake. Walikaa kando ya kitanda chake wakipukuchua mahindi na kupanga nani atapika na nani atalala wapi. Siku moja aliomba chumvi, shangazi zake wakatazamana, mmoja akasema, "Anaweweseka." Chumvi haikuletwa. Mama Cornelia aliishi mpaka maharage yakavunwa, akiwa na akili zake timamu, na wiki zile zote aliishi kama mtu aliyesahaulika stendi. Silvana alikuwa msichana wa kuolewa, mdogo wake Flavian akiwa bado wa kufutwa kamasi. Kufa hakukumtisha Silvana kama kulivyomtisha kufa namna ile, polepole, midomoni mwa watu, huku anasikia.

Alitaka mafuta na alitaka kubaki mtu. Hayo tu.

Padri Teodori alipokuja, alimkuta mgonjwa hayupo kitandani. Yuko shambani, ameegemea jembe, kitenge kimefungwa kiunoni kwa nguvu.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Edith."

"Milele amina, Baba. Nipake hapahapa."

Padri alitazama matope, akatazama viatu vyake. "Tungeingia ndani, Mama. Kuna utulivu."

"Kitandani sipakwi. Ukinipaka nimelala, hawa hawataniamsha tena." Alinyoosha kidole nyumbani, walikosimama bintiye Edith, Zenon, na Jovina, mwenyekiti wa jumuiya. "Nipake nimesimama, waone."

"Lakini Mama, hii ni sakramenti ya wagonjwa. Si ya maiti."

"Mimi najua. Waambie wao."

Padri akawaambia. Aliwaambia vizuri sana, kwa mifano, nao wakaitikia kwa vichwa kama wanavyoitikia kila Jumapili. Kisha akampaka Silvana kwenye paji la uso. Alipofika kwenye viganja akasita, maana vilikuwa na udongo, akamwomba anawe kwanza. Silvana akamwambia Mungu anavijua viganja hivyo, hajawahi kuviona visafi akavitambua. Padri akacheka, akapaka mafuta juu ya udongo. Silvana alifumba macho, na kitu kama usingizi mzuri wa mchana kikamshuka kuanzia mabegani. Hakikuwa muujiza. Maumivu yalikuwepo palepale. Ila hakuwa peke yake nayo, na hilo alilijua kwa uhakika ambao hakuweza kumweleza mtu.

Vita ikaanza jioni ileile.

Ilianza na uji. Edith aliuleta na kuuweka pembeni, halafu akamwuliza baba yake, "Atauweza huu?" Silvana akajibu yeye, "Nitauweza, ongeza sukari." Edith akamtazama baba yake tena. Zenon akatikisa kichwa. Sukari haikuongezwa.

Kesho yake jirani aliingia, akakaa, akashika mkono wa Silvana, akamwambia Edith, "Ameanza kuwa na uso wa amani." Silvana alikuwa na uso wa mtu aliyebanwa na mkojo, lakini hakuna aliyemwuliza. Mchana akamsikia Edith chumba cha pili akinong'ona na baba yake kuhusu gauni, kwamba lile la bluu limempwaya, kwamba wamvalishe la harusi ya mwanawe Elia. Ukuta wa chumba kile haukufika hata kwenye dari, na watu walikuwa wananong'ona!

"La harusi ya Elia linanibana kwapani!" Silvana alipiga kelele.

Edith akasema polepole: "Baba, umesikia anavyoweweseka?"

Silvana alilia siku hiyo. Nasema alilia, asije mtu akasema mama huyu alikuwa jiwe. Alilia kwa hasira, akageukia ukutani, akamwambia Mungu kwamba hana ugomvi naye, mafuta yamefika na yamefanya kazi yake, lakini watu wake hawa awaangalie.

Edith naye, mtoto mwema kwa kweli, alikuwa amemtumia mjomba wake Flavian ujumbe kule Mtowisa, bonde la Rukwa, alikohamia zamani kulima mpunga. Ujumbe ulikuwa wa kweli kabisa: Mama amepakwa mafuta. Flavian alijaribu kupiga simu, mtandao ukagoma. Sasa jiweke wewe katika nafasi yake. Ni masika, barabara ya kupanda mlima ni tope tupu, na huku bondeni wote wanajua aliyepakwa mafuta hakawii. Ukisubiri simu ya pili utakuta wameshazika. Flavian hakusubiri. Alikodi Fuso, akakusanya ndugu, akapakia gunia la mchele, mbuzi, masufuria, majembe na sepetu. Dereva, mtu anayejua desturi za msiba, akafunga matawi mabichi mbele ya gari ili wapishwe njiani.

Ijumaa asubuhi jumuiya ilikuja kusali, na Jovina akaja na turubai.

"La nini?" aliuliza Silvana, aliyekuwa ameketi mlangoni.

Jovina alimjibu Zenon. "Mvua hii, baba. Tukilifunga mapema tutakuwa tumejiandaa."

"Kwa ajili ya nini?" Silvana alirudia.

"Tulifungie pale kwenye mti na kona ya nyumba," Jovina alimwambia Zenon, na Zenon, mume wake wa ndoa, baba wa watoto wake, akaenda kutafuta kamba.

Silvana akainuka. Akanywa mofini yake, akachukua jembe nyuma ya mlango, akaenda shambani. Hakuna aliyemzuia kwa sababu hakuna aliyemwona. Macho yote yalikuwa kwenye turubai.

Huku Ufipa, mvua zikikaribia kwisha, tunapiga matuta ambayo kwa lugha yetu tunayaita intumba. Si matuta marefu ya trekta. Ni ya mviringo. Unalaza majani chini, unakata udongo na mizizi yake, unaupindua juu ya yale majani, unazungushia mpaka yamefunikwa yote. Yanaoza humo ndani taratibu. Juu unapanda maharage, na mwaka unaofuata unalisambaza tuta lote, unapata rutuba ya ulezi bila kununua mbolea ya mtu. Silvana alikuwa anazika majani namna hiyo tangu akiwa binti, na asubuhi ile, akipiga jembe taratibu na kupumzika kila baada ya mapigo machache, alijiona hana hofu yoyote na udongo. Wamejuana muda mrefu. Kilichomkera ni kupelekwa huko kabla ya zamu yake.

Ndipo akasikia honi, halafu kilio.

Fuso ilikuwa imekata kona. Watu wa Mtowisa, waliosafiri tangu alfajiri wakijiuliza kama watakuta mtu hai, waliona turubai, waliona mabenchi, waliona wanawake wa jumuiya wamejifunga kanga wameinamisha vichwa, na nani angewalaumu? Walishuka garini wanalia. Mmoja alijitupa chini. Na juu ya sauti zote Silvana akaitambua ya Flavian, nzito, inavunjika.

"Dada yangu we! Dada aliyenilea! Nani atanigombeza tena mimi? Umeniacha na nani, dada!"

Jovina na wenzake walijaribu kuwatuliza, lakini nani anaweza kutuliza kilio cha mazishi? Mwombolezaji akiambiwa nyamaza huzidisha. Na isitoshe, wanajumuiya wawili watatu, kwa kusikia kilio kizuri namna ile, walianza kulia na wao.

Silvana aliegemea jembe akasikiliza. Maneno yale yalikuwa matamu, nisikudanganye. Miaka yote Flavian hakuwahi kumwambia hata moja. Kisha utamu ukageuka, kwa sababu alielewa kwamba anaambiwa kwa kuwa hayupo, na kwamba akitokea watanyamaza. Akaweka jembe begani akatembea kuelekea nyumbani, miguu imejaa tope mpaka magotini.

"Nani amekufa?" aliuliza.

Mama mmoja wa Mtowisa alitupa beseni akakimbilia nyuma ya Fuso. Mzee mwingine akafanya ishara ya msalaba, mara mbili, ya pili kinyume. Flavian, aliyekuwa amepiga magoti, alibaki na mdomo wazi na machozi yamesimama mashavuni.

"Nimeuliza, nani amekufa hapa kwangu?"

Flavian aliinuka polepole. Akamtazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. Halafu, Mungu amsamehe, akamgeukia Zenon. "Shemeji," alisema kwa sauti ya chini, "huyu ana nguvu za kusimama? Mrudisheni kitandani asije akaanguka."

"Huyu!" Silvana aliliteremsha jembe. "Huyu ni nani, Flavian? Huyu unayemsema ndiye aliyekubeba mgongoni ukamkojolea. Hunisalimii?"

Mbuzi alilia peke yake.

"Nasema, mdogo wangu ametoka Mtowisa mpaka Izia, hana salamu?"

"Shikamoo, dada," alisema Flavian, kama mtu anayepima kina cha maji kwa mguu.

"Marahaba! Haya, mmesikia? Maiti anaitikia?"

"Mama Edith," Jovina alijikakamua, "usijichoshe kwa hasira, umeshapakwa mafuta..."

"Nimepakwa mafuta, Jovina, sijapakwa udongo! Padri amenipaka nipate nguvu, na nguvu nimepata. Sasa ninyi mnataka nizitumie wapi, kulala? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na mimi si maiti. Mkitaka kujua kama nimeshiba, niulizeni mimi. Mkitaka kujua gauni, niulizeni mimi. Zenon, wewe hukunioa kwa kumposa Edith!"

Zenon alishusha macho. Alikuwa bado ameshika kipande cha kamba mkononi, akakitazama kama hajui kilifikaje pale, akakiweka mfukoni.

"Na huyo mbuzi wa nini?" Silvana aliendelea.

"Wa... wa chakula," alisema Flavian.

"Leo Ijumaa ya Kwaresima. Mlitaka kunizika na kula nyama siku moja? Mfungeni kwenye majani ale ashibe. Na hayo majembe garini?"

Kila mtu alijua majembe yale yaliletwa kuchimba nini.

"Vizuri," alisema Silvana. "Mikono iliyokuja kuchimba, ichimbe. Shamba langu halijapigwa matuta na mvua zinakaribia kuisha. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jovina, pika huo mchele na maharage. Wengine nifuateni."

Na wakamfuata. Usiniulize kwa nini. Labda ni aibu, labda ni kule kuzoea kwa ukoo mzima kutumwa na Silvana, labda mtu aliyejiandaa kulia kutwa nzima akikosa maiti anahitaji kazi ya mikono. Walipanga mistari shambani, wanaume na majembe, wanawake wakikata majani, na baada ya muda mtu akachombeza kwa utani, mwingine akajibu, na wasemao kwamba msiba wa wengi ni harusi wangeliona shamba lile wangejisifu. Zenon alichukua jembe akaenda kusimama kando ya mkewe. Alitafakari kwa matuta mawili mazima. Kisha akasema, "Silvana, unisamehe."

"Nimeshakusamehe. Piga tuta."

Silvana alizunguka akikagua, jembe limekuwa mkongojo. Alipofika kwa Flavian akasimama.

Lazima tumtetee kidogo Flavian. Bondeni wanalima mpunga kwenye tambarare. Intumba aliipiga mara ya mwisho akiwa kijana. Tuta lake lilikuwa limeinama upande, majani yamechungulia nje kila mahali, na udongo ameuweka bila kuupindua.

"Hili ni tuta au kichuguu?" aliuliza Silvana.

"Tuta," alisema Flavian kwa upole wa kanisani. "Limeharibika kidogo, dada. Pole."

"Usinipe pole. Majani yanatakiwa yafunikwe. Hayo hayataoza, yatakauka."

"Sawa, dada. Kama unavyotaka, dada."

"Usiniitikie hivyo!"

"Nikuitikie vipi?"

"Kama Flavian! Bomoa uanze upya."

Flavian alichomeka jembe ardhini. Mishipa ya shingo ilimsimama. "Silibomoi," alisema. Kisha ikawa kama mfereji uliozibuliwa. "Silibomoi! Tangu utoto wewe ndiye unayejua. Kukamua ng'ombe unajua wewe, kuoa unajua wewe, hata mpunga, hujawahi kulima mpunga maisha yako yote, unanifundisha kwa simu! Nimetoka bondeni alfajiri, nimelia tope hili lote la mlimani mpaka dereva akanionea huruma, nafika unaniambia tuta baya! Na bado unakufa! Utakufa, Silvana, utaniacha, na mimi sijui hata nikukasirikie vipi, maana umepakwa mafuta!"

Shamba zima lilisimama. Mama mmoja alijifunika mdomo kwa kanga. Kumfokea aliyepakwa mafuta! Huku kwetu jambo hilo halijapata kuonekana, na wengine walitazama juu kama radi iko njiani.

Silvana alimtazama mdogo wake, uso umemwiva, kamasi zinamtoka ukubwani, na furaha ikampanda kifuani mpaka ikambidi ashike jembe kwa mikono miwili. Hakuna mtu aliyemkasirikia tangu alipopakwa. Alikuwa amekosa kukasirikiwa kama mtu anavyokosa chumvi.

"Sasa hapo umeongea," alisema.

Ndipo maumivu yakaja. Yalikuja chini ya kitovu, yakapanda mgongoni, na Silvana akakaa chini juu ya tuta lililokuwa karibu, ambalo kwa bahati mbaya lilikuwa lile bovu. Edith alitupa majani aliyokuwa ameyabeba, akaja mbio. "Baba," alianza, "tumpe..." Akakatiza. Alipiga magoti kwenye tope mbele ya mama yake. "Mama, nikuletee dawa?"

"Niletee. Na maji, yasiwe ya moto."

Edith alikimbia nyumbani. Flavian akakaa kando ya dada yake, tuta likazidi kudidimia.

"Inauma wapi?"

Silvana akamshika mkono, akamwonyesha. Flavian hakuuondoa.

"Unaogopa?"

"Maumivu naogopa. Kufa sijui, sijawahi." Akavuta pumzi, akasubiri wimbi lipite. "Mungu nimezungumza naye. Huko sina wasiwasi. Wasiwasi wangu ni ninyi."

Watu walikuwa wamesogea, wakasimama mbali kidogo, majembe mikononi. Flavian alijifuta uso kwa mkono wa shati, na aliposema, alisema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuuliza bei ya mpunga.

"Dada, tukuzike wapi?"

Jovina, aliyekuwa amekuja kuuliza chumvi, alisema "Yesu wangu!" kwa sauti. Lakini Silvana alikuwa ameshamgeukia Flavian, uso wake wote umefunguka.

"Kijijini, karibu na mama. Upande wa juu. Ule wa chini maji yanatuama. Usimwachie Zenon asimamie, atatafakari mpaka masika mengine. Gauni la bluu, Edith alibane kiunoni. Na Padri Teodori aimbe yeye mwenyewe, sauti anayo, ila mvivu."

"Upande wa juu," alirudia Flavian. "Gauni la bluu."

"Lakini si leo. Leo unabomoa hili tuta."

"Nimesema silibomoi."

"Utalibomoa."

"Umelikalia mwenyewe, nitalibomoaje?"

Wakaendelea kugombana mpaka dawa ilipofika.